GARI LIKIANGUKA, NANI ATALIINUA?

Leo tunasema juu ya chombo ambacho wengi wetu hapa Kalima hatujakiona kwa macho. Chombo hicho ni winchi ya reli, yaani ile mashine kubwa yenye mkono mrefu wa chuma, inayotembea juu ya reli yenyewe, na kazi yake ni kuinua mabehewa na injini zilizoanguka. Tunajua wako watakaouliza: "Kalima haina reli. Winchi ya reli inatuhusu nini?" Tunawajibu mara moja. Inatuhusu katika chungu, katika mfuko na katika kaburi.

Inatuhusu katika chungu kwa sababu Kindu ndiyo mlango wetu, na reli ya kusini ni moja ya njia kubwa za mlango huo. Chumvi, sukari, unga, sabuni, saruji na mabati ya kuezekea nyumba hutoka Lubumbashi na Kalemie kwa treni, zikapita Kabalo, Kongolo, Samba na Kibombo mpaka Kindu, kisha zikapanda lori au pikipiki kuja kwetu, safari ya kama kilometa 100. Treni ikianguka njiani, mama anayekwenda sokoni hapa Kalima huona bei imepanda kabla hajasikia habari ya ajali.

Inatuhusu katika mfuko kwa sababu sisi ni watu wa bati. Tangu siku za kompani ya Symétain, mawe ya Kalima yalishuka Kindu kwa lori yakatafuta reli. Mwaka 1976 Symétain na makampuni mengine yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Hiyo nayo ilikufa katika miaka ya 1990, na leo wachimbaji wengi wanachimba kwa mikono yao wenyewe. Lakini mlima haukuhama, wala uzito wa jiwe haukupungua. Njia ya reli ikifungwa, mwenye kununua bati hutoa sababu hiyo ili ashushe bei, na anayepunjwa ni yule aliyeshika sururu.

Na inatuhusu katika kaburi. Hilo tutalieleza chini.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana mtu hawezi kudai kitu asichokijua. Wazee husema kuteleza si kuanguka. Katika reli maneno hayo ni kweli kabisa. Yako mabehewa yanayoteleza tu: magurudumu yametoka katika reli, lakini behewa bado limesimama. Hilo huweza kurudishwa kwa jeki, kwa magogo ya mbao ngumu, na kwa vipande vya chuma vilivyochongwa kama ngazi ya mteremko, ambavyo huwekwa mbele ya gurudumu ili injini ikivuta polepole gurudumu lipande na kurudi mahali pake. Kikosi cha mafundi hodari chaweza kumaliza kazi hiyo kwa saa chache.

Behewa lililoanguka ni jambo jingine. Limelala ubavu, au limetumbukia bondeni, au mawili yameingiliana kama makopo yaliyokanyagwa. Hapo jeki haitoshi. Hapo ndipo winchi inapotakiwa.

Wachimbaji wa Kalima hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha winchi inavyofanya kazi. Kila mmoja wao ameshika mtarimbo. Anajua kwamba jiwe linaloshindikana kwa mikono ya watu wanne hutikisika kwa mtarimbo wa mtu mmoja, kama ameuegemeza vizuri. Anajua pia kwamba akikosea mahali pa kuegemeza, mtarimbo hugeuka ukampiga mwenyewe. Winchi ni mtarimbo mkubwa. Mbele uko mkono unaoinua, na nyuma uko uzito mkubwa wa chuma unaouzuia usipinduke. Kabla ya kuinua, mafundi hutoa miguu ya pembeni na kuitandikia mbao nene chini, ili winchi isiegemee magurudumu yake peke yake. Winchi isiyotoa miguu itaanguka juu ya kile ilichokuja kukiinua.

Kadiri mkono unavyokwenda mbali, ndivyo nguvu inavyopungua. Tuseme winchi inaweza kuinua tani 60 mzigo ukiwa mita 6 kutoka katikati yake. Mzigo huohuo ukiwa mita 12, haiuwezi tena. Huenda ikaweza nusu yake au hata chini ya nusu. Kwa hiyo haitoshi mkubwa kusema, "Tunayo winchi ya tani kadha." Lazima aulizwe: tani hizo kwa umbali gani? Bonde halisogei kuja karibu na reli. Na injini ya dizeli yenye uzito wa tani 80 au 100 mara nyingi hutaka winchi mbili, moja kila upande, na mafundi wawili wanaosikilizana kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja.

Tukumbuke pia kwamba mzigo wetu ni mzito kuliko unavyoonekana. Mawe ya bati yana uzito karibu mara 7 ya maji. Kifuko kidogo ambacho mgeni angedhani ni cha mtoto humvunja kiuno mtu mzima. Behewa la bati laweza kuonekana nusu tupu, kumbe limefika mwisho wa uwezo wake. Likianguka, haliinuliwi kama behewa la pamba.

Winchi haiendi peke yake. Katika reli zinazotunzwa, huenda na treni nzima ya msaada. Liko behewa la kuegemezea ule mkono mrefu wakati wa safari, behewa la jeki, minyororo, kamba za chuma na taa, mitungi ya gesi ya kukatia chuma, reli mpya na mataruma ya kurekebishia njia, behewa la mafundi kulala na kupika, na dawa na mganga wa kuwahudumia waliojeruhiwa. Watu wake hupewa zamu, na wakiitwa usiku huondoka usiku. Wako wenye kutengeneza vyombo hivyo tangu zamani: Cowans Sheldon wa Carlisle na Ransomes & Rapier wa Ipswich huko Uingereza walijulikana kwa winchi za mvuke, na mpaka leo Kirow wa Leipzig huko Ujerumani wanatengeneza winchi za reli. Si elimu ya siri, wala si muujiza. Ni chombo kinachonunuliwa, kutunzwa na kufundishiwa watu.

Sasa tutazame njia yetu. Kutoka Kindu mpaka Kongolo ni kilometa 355, na njia ni moja tu. Hakuna reli ya pili pembeni ya kupitia treni nyingine. Kaskazini ya Kindu ni mto, mashua na mitumbwi mpaka Ubundu, ndipo reli nyingine inapoanza kwenda Kisangani. Maana yake nini? Maana yake Kindu ni mwisho wa reli. Treni ikianguka karibu na Kibombo, winchi inayotoka kusini itafika upande wa kusini wa ajali tu. Itainua behewa la kwanza, itengeneze njia, isogee. Itainua la pili, itengeneze njia, isogee. Upande wa Kindu mabehewa yatangoja zamu yao mpaka hao wa kusini wafike. Lakini winchi ikiwapo Kindu na nyingine ikiwapo kusini, kazi huanza pande mbili siku moja. Mtu aliyewahi kufukua shimo lililobomoka anajua tofauti ya kuchimba upande mmoja na kuchimba pande mbili. Tofauti hiyo huitwa uhai.

Na hapo tumefika katika kaburi.

Tarehe 1 Agosti mwaka 2007, treni iliyotoka Ilebo kwenda Kananga ilianguka karibu na Benaleka, katika Kasai; watu kama 100 walikufa. Tarehe 22 Aprili 2014, treni ya mizigo iliyojaa watu ilianguka upande wa kaskazini wa Kamina. Wafu walipita 50. Novemba 2017, karibu na Lubudi, treni iliyobeba mafuta iliingia bondeni ikawaka moto. Walikufa watu wasiopungua 33. Septemba 2019 ikawa zamu ya njia ya Kalemie, ndugu ya njia yetu, pale Mayibaridi katika jimbo la Tanganyika. Na usiku wa tarehe 10 Machi 2022, pale Buyofwe katika jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ya mabehewa 15 iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli; mabehewa 7 yakatumbukia bondeni. Wafu walihesabiwa 75, na majeruhi 125.

Tazameni vizuri jambo hili. Karibu zote zilikuwa treni za mizigo. Watu wale hawakuwa na behewa la abiria. Walikaa juu ya mizigo, juu ya mapaa, katikati ya magunia. Wakubwa huwaita "wasafiri wa wizi". Sisi tunawaita jina lao: ni akina mama wa biashara, wanafunzi, wagonjwa wanaotafuta hospitali, vijana wanaotafuta kazi. Treni ya abiria haiji, au huja mara moja kwa muda mrefu, na barabara imeoza. Mtu afanye nini? Si mwizi yule anayepanda behewa la mizigo kwa kukosa la abiria.

Behewa linapoanguka, watu hao huwa chini yake. Wanakijiji hukimbia kusaidia, na Mungu awabariki, lakini mikono haiinui chuma. Hata wakileta mitarimbo, kuna hatari: behewa likiinuliwa vibaya kidogo tu hurudi chini likamaliza aliyekuwa bado anapumua. Basi watu husimama wakisikia sauti ndani ya chuma, nao hawana la kufanya ila kungoja. Hata hesabu ya wafu haiwezi kuwa ya kweli mpaka behewa la mwisho limeinuliwa. Baada ya ajali ya Mayibaridi, waziri alitangaza wafu 50, na maofisa wengine wakataja hesabu ndogo kuliko hiyo. Wakubwa wakibishana juu ya hesabu, jamaa nao wanangoja kujua kama wakae matanga au waendelee kutazama barabarani.

Wako watakaosema kwamba hii ni reli ya Wabelgiji na imezeeka, basi tusilie. Tunaijua historia hiyo. Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902 chini ya tajiri Edouard Empain. Ilipofika mwaka 1911, Kindu na Kongolo zilikuwa zimeunganishwa. Mwaka 1915 reli nyingine ikafika ziwani kutoka Kabalo. Haikujengwa ili mama wa Kibombo auze mchele wake. Ilijengwa kutoa mali, na mataruma yake yalitandikwa kwa jasho la babu zetu. Katika miaka ya 1950 njia ilipanuliwa ili ilingane na reli za Katanga, na mabehewa yakaweza kwenda moja kwa moja kusini. Lakini Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, ambayo leo ni SNCC, mali ya taifa. Basi tangu mwaka huo hatuwezi kumlaumu Empain kwa kila msumari unaolegea. Mtu akirithi nyumba, amerithi na paa linalovuja.

Wala tusiambiwe kwamba fedha hazijapata kuonekana. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa usafiri wa nchi yetu wa dola milioni 255, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuiokoa SNCC. Na sasa dunia nzima inazungumza juu ya njia ya Lobito, ya kutoa shaba na kobalti ya kusini kuipeleka bahari ya Atlantiki. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Kolwezi. Lakini tunauliza: wakati fedha zinakimbilia kwenye shaba, nani anaikumbuka njia ya Kindu? Njia isiyo na shaba nayo ina watu.

Wako wengine, na hawa tunawaheshimu, wanaosema: "Msililie winchi. Lilieni njia. Reli ikiwa nzuri, treni haianguki, na winchi haitakuwa na kazi." Neno hilo lina ukweli mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mataruma yaliyooza, misumari iliyotoka, maji yaliyokula tuta, breki zisizokaguliwa, dereva anayelazimishwa kukimbilia mteremko na mzigo uliopita kiasi: hayo ndiyo yanayoangusha treni, na kuyatengeneza ndiyo kazi ya kwanza. Tena winchi kubwa yenyewe yaweza kupita tani 100. Ikipelekwa juu ya njia iliyooza, itakuwa ajali ya pili juu ya ajali ya kwanza. Lakini hata nchi zenye reli zilizonyooka kama uzi zina winchi, kwa sababu chuma huchoka na binadamu hukosea. Mwenye nyumba imara bado huweka ndoo ya maji kwa ajili ya moto. Hatuambiwi tuchague kati ya mlango na paa. Nyumba inataka vyote viwili.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi haya tunayotaka.

Kwanza, wenye reli watangaze hadharani, kwa maandishi, winchi zao ziko ngapi, ziko stesheni gani, zinainua tani ngapi kwa umbali gani, na ngapi zinafanya kazi leo. Hiyo si siri ya vita. Mwananchi anayelipa nauli ana haki ya kujua atainuliwa na nini.

Pili, ikiwa winchi kubwa haiwezi kupatikana mwaka huu, waanze na kidogo. Jeki za nguvu ya mafuta, mbao ngumu, vyuma vya kupandishia magurudumu na mashine za kukatia chuma hubebwa kwa behewa moja. Viwekwe Kindu na viwekwe Kongolo. Mabehewa yaliyoteleza yatarudishwa upesi, na njia haitafungwa kwa jambo dogo.

Tatu, ipangwe winchi ya kukaa upande wa Kindu, na njia itengenezwe iweze kuibeba.

Nne, mafundi wa kikosi cha msaada wafundishwe na walipwe. Inajulikana nchi nzima jinsi wafanyakazi wa reli hii walivyokaa miezi mingi bila mishahara. Fundi mwenye njaa akiitwa usiku ataondoka na moyo gani? Sisi watu wa migodi tunajua kazi bila posho ina ladha gani. Mfanyakazi wa reli ni ndugu yetu, na dai lake ni dai letu.

Tano, kila treni ya mizigo inayokuja Kindu ifungwe walau behewa moja la abiria, kwa nauli ambayo mama wa soko anaiweza. Hapo ndipo tutawaambia watu washuke juu ya magunia, nao watasikia.

Sita, kila ajali ifanyiwe uchunguzi, na matokeo yake yasomwe kwa watu, katika Kiswahili, si kufungiwa kabatini.

Na kwetu sisi wenyewe tuna neno. Iko mikono miongoni mwetu inayofungua misumari na bolti za reli ili kuuza chuma kizee. Mtu huyo hamwibii Empain, wala hamwibii mkubwa wa Lubumbashi anayesafiri kwa ndege. Anamwua shangazi yake anayerudi kutoka Samba na magunia mawili ya mchele. Mwenye kumwona na akanyamaza, naye ameshika ufunguo wa bolti. Tena ajali inapotokea, tusikimbilie mizigo kabla ya majeruhi, wala tusisimame chini ya kitu kinachoinuliwa. Viongozi wa vijiji vilivyo kando ya njia wajue ni nani wa kuitwa, na wamtume mtu haraka azuie treni nyingine kabla haijafika pale.

Madai haya tunayapeleka kwa wakubwa wa reli na wa jimbo. Tunawaomba wafanyakazi wa stesheni ya Kindu, madereva wa malori ya Kalima, akina mama wa soko na wachimbaji wa vilima vyote wayasome, wayajadili, wayasaini. Hatutaki hotuba siku ya mazishi. Tunataka jibu kwa lile swali la kwanza tu: winchi ziko wapi, na ngapi zinafanya kazi? Jibu likija tutalichapa hapa, neno kwa neno. Lisipokuja, tutauliza tena.